Nilimzika Ndugu Ambaye Mama Hakumzaa

Mkosaji ni mimi. Naliweka hilo mbele ili usinihurumie kabla hujasikia. Si shetani, si utoto, si mila. Ni mimi, kwa mdomo wangu na kwa jembe langu!

Nimekaa na jambo hili tangu miaka ya tisini. Mume wangu analijua, mwanangu analijua, na mama mkwe na wazee wa kwetu walilijua. Watu wengine sijawahi kuwaambia. Leo nakwambia wewe, na nitakwenda polepole, jambo moja baada ya jingine, maana nikiruka hata kidogo utadhani nilikuwa na sababu nzuri. Sikuwa nayo.

Ndani ya mkono wangu wa kushoto, chini ya kiwiko, pameandikwa OKEYO. Silo jina lenyewe. Nimelibadilisha kwa sababu mwenyewe yu hai na hana kosa lolote.

Nilijichora nikiwa na miaka kumi na saba, pale Sindo. Okeyo alikuwa kijana anayejifunza kuunda mashua, mikono yake ikinuka lami na mbao mbichi. Alikuwa akinichekesha. Hiyo ndiyo sababu yote. Nimetafuta nyingine kwa miaka mingi na sijaipata.

Aliyenichora alikuwa msichana msusi wa karibu na soko la samaki. Alifunga sindano tatu za kushonea kwa uzi, akachovya katika masizi ya koroboi yaliyokorogwa na maji.

"Nikuandikie herufi ya kwanza tu?" akauliza.

"Jina zima."

"Akikuacha nitalifuta na nini, dada, mate?"

"Hataniacha."

"Haya, tulia basi. Na usilie, utaniharibia mwandiko!"

Mkono ulivimba siku kadhaa. Mama alipouona hakunipiga. Alinishika, akausoma herufi kwa herufi, kisha akasema, "Hata ng'ombe hutiwa alama na mwenyewe baada ya kumnunua. Wewe umejitia alama kabla mtu hajaleta hata kuku!"

Okeyo alivuka akaenda Musoma kuunda mashua, akaoa huko huko. Hakunitukana, hakunidanganya. Alinisahau tu, kama watu wanavyosahau. Herufi zikabaki.

Sasa nikueleze kuhusu mama, maana bila hilo hutanielewa. Mama alizaa mabinti watano, mimi nikiwa wa kwanza. Mvulana hakupata. Baba alifariki nikiwa darasa la sita, na shule yangu ikaishia hapo. Yaliyobaki nilijifundisha mwenyewe kwa vitabu vya kuazima na magazeti ya kufungia sukari. Mama akabaki katika boma la ukoo wa baba. Mjane asiye na mtoto wa kiume, kwetu wakati ule, alikuwa kama mgeni aliyepewa kiti lakini hajaambiwa aegemee. Wake za baba zangu wadogo walimwita "min nyiri", yaani mama wa wasichana, na hawakulitamka kama sifa.

Nilijifunza cherehani, nikaenda Homa Bay kushona kwenye veranda ya duka la mtu. Hapo ndipo mume wangu aliponikuta. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi kutoka upande wa Migori, amekuja kwa masomo ya likizo. Alileta suruali ikunjwe pindo. Alirudi na nyingine ambayo haikuhitaji kukunjwa.

Siku moja nilikuwa nimepandisha mikono ya blauzi kwa joto. Akasoma.

"Huyu Okeyo ni nani?"

Ningeweza kusema, ni kijana niliyempenda zamani. Maneno machache! Lakini nilikuwa nimeanza kumpenda mwalimu huyu, na nikaona uso wake umekaza. Nikasema, "Ndugu yangu. Alizama ziwani."

Nilichagua maiti kwa akili, sitakuficha. Mwanamume atamwonea wivu mpenzi wa zamani, hata binamu atamtilia shaka. Lakini nani anamwonea wivu mtu aliyekufa?

Mwalimu akavua kofia. Kweli akavua kofia, pale verandani! Akasema, "Pole sana. Mimi pia nilizika ndugu."

Yawa! Nilishona pindo lile likapinda.

Nilienda kwake kama wengi tulivyokwenda siku zile. Ng'ombe wa mahari wangefuata baadaye, na kwa hiyo kwao hakuna aliyewahi kufika kwetu kuona nani yuko na nani hayuko. Mama mkwe alinipokea vizuri. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi na moyo mweupe. Alinishika mkono siku ya kwanza.

"Mwanangu amenieleza. Na mwili, nyar Sindo, mliupata?"

Nyar Sindo, binti wa Sindo. Ndivyo alivyoniita mpaka mwisho.

"Haukupatikana, mama."

"Kwa hiyo mlizika yago."

Kwetu mtu akipotelea majini, tunda la yago, lile refu na zito kama gogo, huzikwa mahali pake ili asitangetange akiwatafuta watu wake. Mazishi yake ni mazishi kamili. Watu hulia, na kaburi huwa kaburi.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Tulizika yago."

Ona jinsi uongo unavyokua. Nilitaja jina, wao wakaniongezea kaburi, na mimi nikalipokea.

Mwaka uliofuata nilijifungua mtoto wa kiume. Akalia. Hakulia kama watoto, alilia kama mtu aliyeibiwa! Muuguzi wa zahanati alimpima akasema mzima. Mama mkwe akasema anajua kinachomliza. Kuna mtu wa zamani anataka aitwe, na mpaka jina lake litajwe mtoto hatatulia.

Asubuhi moja wanawake wakajaa nyumbani. Mama mkwe akampakata mtoto akaanza kuwaita marehemu wa ukoo wao.

"Ni wewe Ogutu? Kama ni wewe, nyonya."

Mtoto akazidi kulia.

"Ni wewe babu Obel? Pombe tutakupa, mzee, lakini nyamaza kwanza!"

Wanawake wakacheka. Mtoto hakucheka.

"Ni shangazi Abuya? Hapana, Abuya hawezi kuja akiwa mwanamume, alikuwa anawachukia."

Akaendelea hivyo mpaka majina yakamwishia. Akafuta jasho, kisha akanigeukia.

"Ukoo wangu wote umekataa. Nyar Sindo, lete mkono."

Nilijua anachotaka. Alinivuta mkono, akapitisha kidole juu ya zile herufi, yeye ambaye hakujua kusoma.

"Huyu wa ziwani. Tangu afe, kuna mtoto aliyeitwa kwa jina lake?"

"Hakuna."

"Si ndiyo maana! Amemfuata dada yake." Akamwinamia mtoto. "Okeyo, baba, ni wewe? Karibu kwenye nchi kavu. Nyonya sasa."

Mtoto akanyamaza. Akatafuta titi langu, akanyonya.

Vigelegele! Mume wangu alikuwa mlangoni, macho yamemjaa machozi. Akasema, "Shemeji yangu amerudi."

Mimi leo najua mtoto hulia mpaka achoke, na yule alikuwa amechoka. Lakini siku ile niliogopa. Mwanangu wa kwanza, mjukuu wa nyumba ile, ameitwa jina la kijana wa lami wa Sindo, na mimi peke yangu ndiye niliyejua!

Hapo pia ningeweza kusema. Nilikaa nikanyonyesha.

Mtoto alipoanza kukaa mwenyewe, mume wangu aliamua kupeleka ayie, kile anachopewa mama wa binti ili aridhie ndoa. Alikuwa mtu wa taratibu. "Nitakwenda na shangazi," akasema. "Na mtoto lazima aone mahali mjomba wake alipolala. Hawezi kubeba jina la mtu ambaye hajafika kwake."

Nilimwomba nitangulie ili nimsaidie mama kujiandaa. Akakubali.

Nilimkuta mama anachambua omena. Nikamweka mtoto mapajani mwake, nikaanza.

"Mama, wanataka kuona kaburi."

"La baba yako? Liko pale."

"La ndugu yangu."

"Ndugu yupi?"

"Okeyo."

"Yule wa lami? Amekufa?"

"Hajafa."

"Sasa nani amekufa?"

"Ndugu yangu."

"Huna ndugu wa kiume!"

"Ndiyo, mama."

Akanitazama. Akatazama mkono wangu. Akaanza kucheka, akacheka mpaka omena wakamwagika. Kisha akaelewa, na kicheko kikakatika.

"Mwambie ukweli mumeo. Atakufokea. Mama yake atakusema mwezi mzima. Utapika, watakula, yataisha."

"Atanirudisha, mama."

"Hatakurudisha."

"Na akinirudisha? Wadogo zangu wanne nani atawaoa, wakisikia dada yao alirudishwa kwa uongo?"

Nilijua pa kumgusa. Hapo ndipo palipokuwa kidonda chake, nami nikakibonyeza kwa makusudi. Mungu anisamehe!

"Kaburi si kikapu," akasema, sauti imeshuka. "Huwezi kulitua leo kesho ukalibeba."

"Litakaa siku moja tu, mama. Wakiondoka tutalisawazisha."

Nilimbembeleza siku mbili. Tulichagua siku mbili, moja ya kuchimba na moja ya kuwaita wageni, ambazo baba zangu wadogo na wake zao wangekuwa matangani upande wa Mbita. Walipotoweka tu njiani, tukatoka na jembe. Wadogo zangu tulikuwa tumewatuma kwa kaka ya mama, wakae huko mpaka wageni waondoke.

Tunda la yago mama alilikata mwenyewe kandokando ya kijito. Tukachimba mahali vijana wa boma huzikwa. Mwanamke hachimbi kaburi kwetu, nalo hilo tulilijua. Hakuna mwanamume ambaye tungeweza kumwomba.

Mama alilifunga tunda kwa shuka lake la zamani. Akakaa nalo chini kando ya shimo, amelipakata.

"Alikuwa na umri gani?" akauliza.

"Nani?"

"Mtoto wangu."

"Miaka ishirini," nikasema.

"Basi alikuwa ameshanipita kwa urefu."

Akaliteremsha kwa mikono miwili, taratibu, kama anayeogopa kumwamsha mtu. Nilipaswa kuona wakati ule ninachofanya. Sikuona! Nilikuwa nawaza udongo. Udongo mbichi una rangi yake, na mwalimu si kipofu. Nikakata nyasi pamoja na mizizi yake kutoka kando ya njia, nikazipanda juu ya tuta. Nikamwagia maji na majivu. Nikatafuta mawe yenye kuvu nikayapanga, upande wa kuvu juu. Nikakanyaga, nikarudi nyuma, nikaangalia, nikakanyaga tena.

Nilifanya kazi nzuri. Mpaka leo hilo ndilo linaloniuma zaidi: nilifanya kazi nzuri sana.

Wageni walifika kabla ya adhuhuri. Shangazi ya mume wangu alimkumbatia mama akamwambia, "Pole, mama. Mtoto wa kiume mmoja, na ziwa likamchagua huyo huyo!"

Nilidhani mama atababaika. Hakubabaika. Alifungua kinywa akalia. Alilia kilio cha msibani, cha mikono kichwani, akalizunguka lile tuta huku na huku akimwita Okeyo, mwanangu, umeniacha na nani. Shangazi akalia naye. Mume wangu akamsimamisha mtoto juu ya nyasi nilizopanda jana yake, akainamisha kichwa.

Mimi nilifikiri mama anaigiza. Nikamshukuru moyoni kwa kuigiza vizuri! Ilinichukua miaka kuelewa kwamba mwanamke yule alikuwa amepewa mara ya kwanza ruhusa ya kuwa na mtoto wa kiume, na hapo hapo ameambiwa amefariki.

Kabla ya kuondoka nilimvuta jikoni.

"Mama, tukishaondoka, lifukue. Sawazisha."

"Toka mbele yangu."

"Tulipatana!"

"Aliyezikwa akaliliwa hafukuliwi. Nenda kwa mumeo."

Nikaenda.

Baba zangu wadogo waliporudi waliona tuta. Ungedhani nyasi zangu zingewadanganya, lakini boma lile walizaliwa nalo. Walijua kila jiwe. Wakamuuliza mama. Akanyamaza. Wakauliza tena kesho yake. Akanyamaza. Watu wakaanza kusema amezika dawa ya kuangamiza boma. Wengine wakasema amezika kichanga cha mmoja wa binti zake.

Nikaitwa. Mume wangu alikuwa na mitihani ya wanafunzi, kwa hiyo nilikwenda peke yangu, mtoto mgongoni. Njia nzima nilijiambia nitasema. Nilipanga hata maneno!

Baraza lilikuwa nje ya nyumba ya baba mdogo aliye mkubwa kati yao. Wazee walikalia viti, mama chini. Baba mdogo alikuwa mtu wa dhihaka lakini si mtu mbaya.

"Min nyiri," akamwambia mama, "umeishi hapa miaka yote na hatujakunyima shamba. Sasa boma langu limeota kaburi kama uyoga. Nifanyeje? Nilimwagilie maji?"

Watu wakacheka kidogo.

Kisha akanigeukia mimi. "Nyathina, mwanangu, wewe ulikuwa hapa siku tulipokwenda matanga. Kuna nini pale chini?"

Nilifungua mdomo. Moyoni nikamwona mume wangu akivua kofia. Nikamwona mama mkwe na kidole chake juu ya mkono wangu. Nikajua neno nitakalolisema pale litafika Migori kabla yangu.

"Sijui, baba."

Ndivyo nilivyosema. Uwi! Niandike vipi? Nilisema sijui!

Mama alinigeuzia uso. Nilitarajia hasira. Haikuwepo. Alinitazama, kisha akamtazama mtoto aliyelala mgongoni mwangu, kama mtu anayelinganisha mizigo miwili kabla ya kuamua aubebe upi. Akawaambia wazee, "Mwacheni, ni mke wa watu huyo. Nimezika mimi. Na niliyemzika nimeshamlilia. Zaidi ya hapo sina la kusema."

Walimpa nafasi tatu aseme. Hakusema. Kufukua hakuna aliyethubutu, kwa hiyo wakaamua aondoke yeye, maana boma haliwezi kulala na mtu aliyechimba kaburi lisilo na mwenyewe. Alitoka na godoro, sufuria na wadogo zangu wawili waliobaki nyumbani. Nyuma yake waliezua paa.

Alikwenda kwa kaka yake, karibu na Mbita. Mume wangu nilimwambia mama amekwenda kumuuguza mjomba. Uongo mwingine, umeona? Ulikuja wenyewe kama mate.

Nilimtembelea kila nilipoweza. Alinipokea, akanipikia. Hakuwahi kunitajia lile baraza hata mara moja. Aliuliza tu, "Okeyo anakula vizuri?" Na mimi sikujua kama anamuuliza mjukuu wake.

Kisha akaugua kifua. Hakuugua muda mrefu. Habari ya kifo chake ilitukuta Migori asubuhi, mume wangu akijiandaa kwenda shuleni.

Alikaa chini. Baadaye akasema, "Tumpeleke Sindo. Nitazungumza na baba zako wadogo mimi mwenyewe."

"Watakataa."

"Kwa nini wakatae? Mwanamke aliyeolewa akazaa watoto hazikwi kwa baba yake. Anazikwa kwake!"

Akasimama, akachukua koti. Alikuwa anakwenda kumpigania mama yangu. Hapo ndipo niliposhindwa. Nilimweleza yote nikiwa nimeshika pasi ya makaa mkononi, nguo za mtoto mbele yangu: msusi, lami, veranda, yago, nyasi, "sijui, baba".

Hakufoka. Alimtazama mtoto aliyekuwa akicheza mlangoni.

"Sasa mwanangu huyu anaitwa nani?" akauliza.

Akavaa koti. "Twende Sindo," akasema. "Utayasema haya haya."

Nikayasema. Mbele ya wazee wale wale, nimepiga magoti. Nikafunua mkono wakausoma. Baba mdogo alisikiliza mpaka mwisho bila dhihaka.

"Ni hili tu?" akasema.

"Ni hili, baba."

"Jina la mvulana?"

"Ndiyo."

"Nyathina, ungesema siku ile, ningekuchapa fimbo ya miguu, tungeita mtu atusafishie boma, halafu tungekucheka mpaka uzeeni." Akafuta macho kwa kiganja. "Shemeji yangu nilimfukuza kwa sababu ya yago!"

Mume wangu akamwomba basi aruhusu aletwe. Baba mdogo akatikisa kichwa. Nyumba ya mama ilikuwa imeanguka, na maiti ya mwanamke hulala kwanza ndani ya nyumba yake. Hilo wangeweza kulitafutia njia, akasema. Lakini kule Mbita kaburi lilikuwa limeshachimbwa tangu asubuhi, na kaburi lililochimbwa haliachwi wazi. Litamtafuta mwingine.

"Mmechelewa," akasema. "Sisi sote tumechelewa."

Tulikwenda naye mazishini. Alibeba jeneza upande wa mbele.

Kwetu binti anayefia kwa baba yake bila kuolewa hazikwi ndani ya ua. Kaka ya mama aliogopa kuvunja desturi, na hakuwa na pa kumweka dada aliyeolewa kisha akarudi. Alimweka hapo nje. Mama yangu, mjane, mama wa watu watano, nyanya wa mtoto aliyesimama pale ameshika kidole changu!

Mume wangu hakunirudisha. Mama yangu alisema hivyo tangu mwanzo, na alikuwa sahihi. Tumezeeka pamoja. Ila hajawahi kumwita mwanetu kwa jina lake tena. Anamwita "kijana". Mama mkwe, alipoambiwa, alikaa siku kadhaa bila kusema nami, kisha akasema, "Jina halirudishwi. Mtoto alinyonya." Mwanangu ni mtu mzima sasa. Nilimweleza mwenyewe. Aliniuliza swali moja tu, kama nyanya yake alijua atafukuzwa. Nikamwambia nadhani alijua.

Watu wa kanisa letu husema kujichora ni dhambi, na wana maandiko yao. Nimeyasoma, nimeyarudia. Sibishani nao. Lakini nyanya yangu mzaa baba alikuwa na chale tumboni, safu kwa safu, alizochanjwa usichanani ili awe mzuri, na hakuna siku chale zile zilimfanya aseme uongo. Zilikuwa zake. Mimi nilimwandika mtu mwingine juu yangu, kisha nikakosa ujasiri wa kumtaja. Ngozi yangu ilisema kweli muda wote. Aliyedanganya ni mdomo.

Nilijaribu kulichoma jina hili kwa kijiko cha moto baada ya mazishi. Herufi moja imeharibika, nyingine zinasomeka. Mume wangu alinikuta akaninyang'anya kijiko. "Inatosha," akasema. Sijajaribu tena. Nikiusoma mkono huu siku hizi, simwoni kijana wa Musoma. Namwona mama amekaa kando ya shimo, anauliza mtoto wake alikuwa na umri gani.

Binti unayesoma, na wewe kijana pia, siwaambii msijichore. Hamtanisikiliza, mimi mwenyewe sikumsikiliza msusi. Nawaambia hivi: iko siku mtu unayempenda atauliza, huyu ni nani? Mjibu. Mjibu hapo hapo, hata sauti ikitetemeka! Atanuna, atafoka, labda ataondoka. Usimtafutie jibu zuri. Jibu zuri lina njaa. Litaanza kwako, na ukikosa cha kulilisha, litakula mtu anayekupenda kuliko huyo aliyeuliza, na mtu huyo hatapiga kelele.

Mama yangu hakupiga. Yuko nje ya ua wa baba yake, mahali pa wasichana ambao hakuna mtu aliyewahi kuwaoa.